Keneli ya Zamani Isifutwe

Tarehe 9 Januari 2018 kampuni ya Canonical ilitoa keneli mpya kwa watumiaji wa Ubuntu 16.04, toleo 4.4.0-108. Haraka ilikuwepo, na sababu ilikuwa nzito: siku chache nyuma dunia ilikuwa imetangaziwa Meltdown, udhaifu uliojificha ndani ya prosesa za Intel kwa miaka mingi. Watu wakasasisha, wakazima, wakawasha. Baadhi ya mashine zikagoma. Kesho yake likatoka toleo 109 lenye marekebisho, lakini marekebisho yanamfaa nini mwenye mashine isiyowaka? Waliopona haraka ni waliojua kwamba keneli ya awali ilikuwa bado imo kwenye diski.

Keneli ndiyo huamka kwanza katika Linux. Hutambua diski, kumbukumbu na mtandao kabla programu nyingine haijapata nafasi. Tangu Februari 2007, toleo 2.6.20 lilipokuja na KVM, keneli ya Linux yenyewe imeweza kuifanya kompyuta moja ibebe mashine pepe kadhaa, kila moja ikiwa na diski na keneli yake.

Arusha ni mji unaopaswa kuujua ufundi wa kuzirudisha mashine hizi zinapogoma. Tengeru, chini ya Mlima Meru, ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Njiro kipo Chuo cha Uhasibu, ambacho licha ya jina lake hufundisha pia sayansi ya kompyuta. Mjini zimejaa kampuni za utalii, na Julai, wageni wanapomiminika, seva ya kampuni ikilala ratiba za safari na hesabu za malipo nazo zimelala.

Hapo ndipo fundi anapopimwa. Seva hiyo ikiwa mashine pepe, haina kitufe cha kubonyeza wala taa ya kutazama. Ina dirisha tu kwenye kompyuta nyingine. Fundi hulifungua dirisha hilo kabla ya kuwasha upya, kwa kuwa menyu ya GRUB, programu inayochagua keneli ya kuwasha, mara nyingi imefichwa na nafasi ya kuiita ni sekunde chache. Hushikilia Shift, au hugusa Esc kwenye mashine za UEFI, akaingia kwenye orodha ya matoleo na kuchagua lililotangulia.

Uzuri wa hatua hii ni kwamba inabadili kitu kimoja tu. Diski ni ileile, mafaili ni yaleyale, mipangilio haijaguswa. Mashine ikiwaka, fundi ameokoa kazi na papo hapo amebaini upande uliko ugonjwa. Anayekimbilia kusimika mfumo upya huenda naye akaiwasha mashine, lakini chanzo hatakijua, na mwezi ujao kitarudi.

Baada ya hapo uchunguzi huanza. `uname -r` humwonyesha yuko kwenye keneli ipi. `df -h /boot` mara nyingi humaliza ubishi: sehemu imejaa, faili la kuanzia la keneli mpya limeandikwa nusu, na keneli isiyo na faili hilo kwa kawaida haiwezi kuifikia diski yake. Pengine umeme ulikatika katikati ya kusasisha, jambo ambalo aliyefanya kazi Tanzania wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 hahitaji kuelezwa. Pengine draiva ya diski pepe haikuingizwa. Dawa huwa fupi: kufungua nafasi, kisha kuliunda faili upya kwa `update-initramfs`.

Desemba ya mwaka huohuo Debian ilitoa somo kali zaidi. Keneli 6.1.64 iliwaka vizuri kabisa, ila ilikuwa na kasoro iliyoweza kuharibu data kwenye diski za ext4. Toleo la 12.3 likasitishwa, na tarehe 10 Desemba likatoka 12.4 lenye keneli 6.1.66. Kwa hiyo fundi makini haridhiki kwa kuona mashine imewaka.

Wazo la kutunza cha zamani halipo kwenye kompyuta tu: kule Tengeru, Kituo cha Mboga cha Dunia huhifadhi mbegu za mnavu, mchicha na mboga nyingine za asili, ili aina mpya ikishindwa shambani pawe na pa kuanzia tena. Waliopanga usambazaji wa Linux walifikiri vivyo hivyo: familia ya Red Hat kwa kawaida huacha keneli tatu, na Ubuntu haiondoi yenyewe keneli inayotumika. Anayezifuta zote kwa mkono ili apate megabaiti chache ndiye anayeuondoa ulinzi huo.

Lakini keneli ya zamani si makazi ya kudumu. Aliyebaki kwenye ile ya kabla ya marekebisho ya Meltdown alibaki na tundu wazi. Fundi anayestahili sifa huizuia mpya kwa `apt-mark hold`, huandika tarehe na sababu, kisha hurudi kuliondoa zuio marekebisho yanapotoka.

Msomaji mwenye seva, kabla ya kusasisha wiki hii piga picha (snapshot) ya mashine pepe, angalia nafasi kwenye `/boot`, na hakikisha angalau keneli moja iliyowahi kuwaka salama imebaki kwenye menyu.