Jina la Boma

Keroka imekaa mpakani, mguu mmoja Kisii, mwingine Nyamira. Humo, juu ya duka la misumari na mabati, nimekaa jioni tatu nikimtazama fundi mmoja wa seva akihangaikia jambo ambalo wenyeji wa seva yake hawatalijua. Watu waliomo walikwisha kuwa na majina. Yeye alikuwa anaipa jina nyumba yenyewe.

Itifaki ya ActivityPub, iliyopitishwa na W3C Januari 2018, ndiyo inayoziwezesha seva ndogondogo kupelekeana habari bila bwana mkubwa katikati. Watendaji wake ni wa aina tano: mtu, kundi, shirika, huduma na programu. Ila haikueleza seva nzima ijitambulishe vipi. Wakazi waliandikwa, boma likasahauliwa.

Nikamkumbuka babu. Jua likizama mgeni akisimama langoni, akisema “Bwairire,” babu hakukimbilia kufungua. Aliuliza: wa ukoo gani? Wa kilima kipi? Mtoto wa nani? Jina la mgeni mwenyewe lilikuja mwisho kabisa. Siku moja alikuja mzee mwenye kiburi kama chake. “Wewe nani?” “Kwani hapa ni kwa nani?” Wakabaki hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, hata nyanya akatoka jikoni na mwiko mkononi, akalitaja jina la boma kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto. Hapo wakasalimiana.

Seva nazo hukwama vivyo hivyo. Moja huomba ufunguo wa mwenzake ili ihakiki sahihi. Mwenzake hatoi kitu bila sahihi, naye ili aihakiki sahihi hiyo sharti aombe ufunguo wa yule wa kwanza. Programu ya seva iitwayo Mastodon, katika toleo la 3.0 la mwaka 2019, iliweka mtendaji wa seva nzima, ambaye ufunguo wake husomwa na yeyote bila sahihi. Jina lake ni kikoa, na anwani yake inakirudia kikoa kilekile. Nyanya na mwiko wake!

Kazi ikabaki kumpata mtendaji huyo. Mastodon humweka mahali pake, wengine pengine, na fundi wangu hapendi kubahatisha. Wapo wanaomtangaza kupitia utaratibu uitwao NodeInfo. Yeye alichagua WebFinger, utaratibu wa mwaka 2013 ambao kwa kawaida huulizwa habari za mtu fulani. Hapa unauliza anwani ya seva yenyewe, nayo inakuelekeza kwa mtendaji wake. Jioni ya pili yote iliishia kwenye mkwaju mmoja (/) mwishoni mwa anwani. Kwake, yenye mkwaju na isiyo nao ni malango mawili, na mgeni asipotezwe njia kwa uvivu wa mwenyeji.

Sisi wengine tumekuwa wapangaji. Harusi zetu, michango ya matanga, hata ugomvi wa mashamba, vyote tumevihamishia kwenye vyumba vya kampuni za mbali. Akibadili kufuli mwenye nyumba, tutabisha kwa nani?

Jioni ya tatu alinifungulia daftari la seva. Saa tisa usiku seva moja ya Ujerumani ilibisha, ikasoma jina, ikaenda zake.

“Na kutoka huku kwetu?”

Akafunika kompyuta. “Mzee, matatu za Nyamira bado zipo saa hizi?”