Bolti ya Sampu na Ufundi wa Kiasi

Chini kabisa ya injini ya gari kuna bakuli la chuma au la alumini liitwalo sampu, ambamo oili hurejea na kutulia baada ya kusukumwa na pampu hadi kwenye vyuma vinavyosuguana, na katika kitako cha bakuli hilo huwekwa tundu moja lenye hesi, yaani mifuo inayojizungusha ndani ya chuma ili bolti ipate kupandia. Tundu hilo huzibwa kwa bolti fupi iliyovishwa washa, pete bapa ambayo bei yake haifikii hata ya lita moja ya oili inayolindwa nayo. Katika Toyota Corolla za miaka ya 1990, ambazo bado zinafanya kazi kila siku katika barabara za Tanzania na Kenya, bolti hiyo ina kipenyo cha milimita 12, husogea milimita 1.25 kwa kila mzunguko, na kichwa chake hukamatwa kwa spana namba 14. Kwa kuwa kazi ya kuifungua na kuifunga huonekana nyepesi, gereji nyingi humwachia kijana anayejifunza, na hiyo ni sababu mojawapo ya bolti za magari ya zamani kuvuja. Lakini anayeijua vizuri anastahili heshima ileile apewayo fundi wa giaboksi, kwa sababu kazi hii hupima hukumu ya mkono kuliko nguvu zake.

Ustadi huo huanza kabla spana haijaguswa. Oili hufuata mteremko, na gari likiwa mwendoni husukumwa nyuma na upepo, kwa hiyo ile inayotoka kwenye gasketi ya kifuniko cha vali huko juu, au kwenye sili ya mbele ya krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huteremka ubavuni mwa injini hadi mahali pa chini kabisa, na mahali hapo aghalabu ndipo ilipo bolti. Tone linaloning'inia kwenye kichwa cha bolti halithibitishi kwamba bolti ndiyo inayovuja. Fundi makini huosha sampu yote, huikausha, huipaka poda nyepesi, huwasha injini na kusubiri ipate moto, kisha huchungulia ni wapi poda imeanza kulowa. Gari lililozeeka lina jambo jingine pia: pete za pistoni zikichakaa, gesi ya mwako hupenya hadi ndani ya sampu, na vali ya kupumulia ikiwa imeziba kwa masizi, msukumo hujijenga humo na kuitoa oili kupitia kila sili dhaifu, hali ambayo hakuna ukazaji wa bolti unaoweza kuiponya.

Ikithibitika kwamba bolti ndiyo inayovuja, inafaa kuelewa ni nini hasa huzuia oili pale, maana wengi hudhani ni hesi. Kazi ya hesi ni kukamata tu. Kati ya mfuo wa bolti na mfuo wa tundu hubaki upenyo mwembamba, nayo oili ya moto, ambayo ni nyepesi mno, hupita humo ikizunguka hadi nje. Kizuizi halisi ni washa, ambayo hutengenezwa kwa shaba, alumini au nyuzi zilizoshindiliwa, yaani kitu laini kuliko bolti na kuliko sampu ya chuma, ili ikibanwa ikubali kubadilika umbo na kujaza mikwaruzo ya nyuso mbili zisizolingana kikamilifu. Washa iliyokwisha kubanwa imetoa ulaini wake, na ya shaba huzidi kuwa ngumu kila inapobanwa, ingawa huweza kurudishiwa ulaini kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu kisha kuipoza, siri ambayo wafua shaba wameitumia tangu kale. Uso inapokalia washa nao hukaguliwa kwa ukucha: mkwaruzo unaozunguka pamoja na pete hauna madhara makubwa, lakini unaoikata kutoka ndani kwenda nje ni mfereji kamili. Mara nyingine chanzo ni kwamba washa ya zamani ilibaki imegandana na sampu, na mpya ikawekwa juu yake.

Kiasi cha kukaza kimeandikwa katika vitabu vya watengenezaji, na kwa bolti ya ukubwa huu ni takriban newtoni-mita 37, sawa na uzito wa kilo 15 ukitundikwa mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 25. Nguvu hiyo, ambayo mtu mzima huitoa bila kukunja uso, hugeuzwa na hesi kuwa mbano wa zaidi ya tani moja juu ya washa. Ndiyo maana desturi ya kuongeza bomba kwenye spana, au kuikanyaga kwa mguu ili bolti inayovuja ikome, ni dhuluma kwa injini: washa iliyokufa haifufuki kwa kubanwa zaidi, na kinachosalimu amri baadaye ni hesi za sampu, hasa ikiwa ya alumini. Fundi mwema huanza kwa vidole vitupu, akiizungusha bolti kinyumenyume mpaka ahisi mifuo imeangukiana, ndipo aielekeze mbele, na ikikataa kwenda kwa vidole huitoa akaanza upya.

Hesi zikiwa zimekwisha kulika, tepu nyeupe ya mafundi bomba na gundi ya silikoni huahirisha tu hasara, na vipande vyake vikimeguka ndani huweza kuziba chujio la pampu. Tiba ya kweli ni kukata hesi mpya pana zaidi, au kuingiza koili ya chuma cha pua ambayo hurejesha kipimo cha awali, na katika kazi hiyo mifereji ya tapu, yaani chombo cha kukatia hesi, hujazwa grisi ili chembe za chuma zinase, kisha oili kidogo humwagwa juu ili isukume nje zilizosalia.

Baada ya injini kupata moto na kupoa, bolti hufutwa kwa kitambaa cheupe na kukaguliwa tena. Mwenye gari naye na aiombe washa iliyotolewa, kwa kuwa alama zake humwonyesha iwapo ilibanwa sawasawa pande zote, ililemea upande mmoja, au ilipondwa na mtu aliyetangulia.