Moto Juu, Moto Chini

Bekoni inayovunjika kwa mlio haitokani na moto mkali. Wengi huitupa kwenye kikaango kilichopata moto, mafuta yanaruka hadi ukutani, kingo zinajikunja na kuungua, na katikati panabaki mnofu unaonyumbuka. Mpishi ninayetaka kumsifu hapa hatumii kikaango kabisa kwa kazi hii. Anapika katika nyumba ndogo ya wageni huko Soni, pale barabara inayopanda kutoka Mombo inapokuwa imeshamaliza kona zake nyingi. Chombo chake ni oveni ya mkaa, sanduku la bati lililoundwa na fundi wa mtaani, lenye trei ya makaa chini na nyingine juu. Imewekwa kwenye kibanda kilicho wazi pande tatu, kwa kuwa hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua. Bekoni inayotoka humo sijaonja mfano wake katika hoteli zenye majiko ya umeme, na kila nikipata nafasi ya kusimama pembeni na kumtazama, ninaitumia.

Kazi huanza zaidi ya wiki moja kabla ya mkaa kuwashwa. Nyama ni ya tumbo la nguruwe, pale ambapo mnofu na mafuta hupangana tabaka kwa tabaka, na mpishi haipokei kama haina mhuri wa mkaguzi. Ana haki ya kuwa mkali. Tegu wa nguruwe bado ni tatizo katika maeneo mengi ya Tanzania, na mabuu yake hujificha ndani ya mnofu. Huigeuza nyama mkononi, huitazama kwenye mwanga, huibonyeza, ndipo huikata kipande kimoja kipana chenye pembe nne.

Kwa kila kilo hupima gramu 25 za chumvi na nusu yake ya sukari. Huongeza chumvi maalumu yenye nitriti, ambayo ndiyo inayoipa bekoni wekundu wake na kuzuia bakteria hatari wasikue. Hiyo huipima kwa mizani ndogo ya betri, na hutamsikia akizungumza mpaka amalize kupima, kwa sababu nitriti ikizidi ni sumu. Kisha husugua. Hapiti juu juu. Hukanda chumvi kwenye kila mkunjo, pembeni, chini ya ngozi. Nyama hulala kwenye jokofu siku saba, ikigeuzwa kila siku. Maji yanatoka, chumvi inaingia, na kipande kilichokuwa laini kinaanza kukakamaa.

Baada ya hapo huiosha, huikausha kwa kitambaa safi, na kuirudisha kwenye jokofu usiku kucha ikiwa juu ya wavu, bila kufunikwa. Usiku huo mmoja ndio wengine huuruka, na kwa macho yangu ndio unaoamua kila kitu. Milima ya Usambara ina ukungu. Asubuhi nyingi Soni nguo iliyoanikwa jana jioni bado ni mbichi, na nyama iliyoachwa mezani hupata umande badala ya kukauka. Baridi kavu ya jokofu huuvuta ule utando mwembamba wa unyevu ulioko juu, na uso wa nyama hubaki mkavu, wenye kunata kidogo ukiugusa kwa kidole. Maji yaliyoondoka usiku hayatahitaji kuondolewa na moto kesho.

Maji hayo ndiyo adui, na hapa inafaa nieleze kinachotokea. Soni iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ambako maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Maadamu kuna maji ndani ya kipande cha bekoni, joto la kipande hicho haliwezi kupanda sana kupita hapo, hata ukichochea makaa namna gani. Moto wote unaishia kwenye kuyageuza maji kuwa mvuke. Mpaka yaishe ndipo joto linapanda, na likipita nyuzi 140 hivi protini na sukari zinaanza kuungana na kutoa ile rangi na harufu inayomwita mtu kutoka chumbani. Wakati huohuo mafuta yanatakiwa yawe yameshayeyuka na kutiririka. Ukianza na moto mkali, nje huungua kabla ndani hakujatoa maji wala mafuta. Mpishi wangu hajawahi kunitajia nyuzi hata moja, lakini kila anachofanya kinatii hesabu hiyo.

Nyama huikata ikiwa imeganda nusu, ili kisu kisiteleze, vipande vya unene wa milimita tatu hivi, vyote sawa. Huvipanga juu ya wavu uliowekwa ndani ya trei, visigusane wala kupandana. Oveni wakati huo ina makaa machache tu, tena chini peke yake. Mkaa ni wa miwati iliyopandwa mashambani, mzito, unaoshika moto kwa muda mrefu bila kulipuka cheche. Hupima joto kwa kunyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha bati na kuuingiza ndani: ukibadilika rangi upesi, hutoa makaa mawili matatu na kungoja.

Trei inaingia kwenye oveni iliyo vuguvugu, na joto linapanda pamoja na nyama. Kwa sababu joto linaizunguka bekoni pande zote badala ya kuichoma upande mmoja kama kikaango, mnofu na mafuta hupungua kwa mwendo unaokaribiana, na kipande hubaki kimenyooka. Mafuta hudondoka chini ya wavu. Haigeuzwi, haikandamizwi, haichokonolewi.

Halafu huinama na kusikiliza. Mwanzoni kuna kelele nyingi, mchemko wa maji yanayokutana na mafuta ya moto. Kijana anayejifunza kwake husimama na koleo mkononi akiwa na haraka ya ujana wake.

"Mzee, tupalie sasa?"

"Bado. Si unaisikia inapiga kelele? Ina maji hiyo."

Dakika zinapita, kelele inapungua, inakuwa ya kudonoadonoa, kisha inakaribia kunyamaza. Hapo ndipo hutamka, "Haya, palia," na kijana huyahamisha makaa kwenye trei ya juu. Moto wa juu ndio unaomalizia rangi. Kuanzia hapo mzee haondoki hata akiitwa, kwa sababu kati ya bekoni iliyoiva na iliyoungua kuna dakika moja au mbili tu.

Sehemu hii ya kupalia ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu haikutoka katika mapishi ya nguruwe. Uhifadhi wa nyama kwa chumvi aliujifunza katika jiko la misheni. Milimani huku kuna historia ndefu ya majiko ya aina hiyo: Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni, wanajulikana kwa divai na makadamia zao, na shamba la Walutheri la Irente, Lushoto, linauza jibini, mkate na jemu. Lakini moto wa juu na chini ni ujuzi wa Pwani. Ni moto uleule ambao akina mama wa Tanga na Pangani wamekuwa wakiokea mkate wa mchele na kukaushia wali, sufuria juu ya jiko la mkaa na makaa mekundu juu ya kifuniko. Alikaa Tanga ujanani, akawaona majirani zake Waislamu wakipalia, akapata jicho la kujua kaa lipi limechoka na lipi bado lina nguvu. Mikono iliyomfundisha moto wa bekoni haijawahi kugusa bekoni, na yeye hulisema hilo kwa heshima kubwa.

Heshima hiyo ipo pia katika mpangilio wa jiko lake. Usambara Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta, mara nyingi katika ukoo mmoja, na nyumba ya wageni hupokea kila mtu. Kwa hiyo wavu, trei, kisu, ubao wa kukatia na koleo vya kazi hii vina kabati lake, na sifongo yake, na karai lake la kuoshea. Oveni hiyo ya bati haipikiwi kitu kisichohusu nguruwe; mikate huokwa katika nyingine. Mgeni asiyekula nguruwe akiuliza, huonyeshwa kabati lenyewe badala ya kupewa maneno. Kwangu mimi huo ni upishi kamili, sawa na kupima chumvi. Ninajua baa zinazouza kitimoto ambako hakuna anayejali koleo lipi limegusa nini, na chakula cha huko siwezi kukisifu hata kikiwa kitamu.

Anaitoa ikiwa na rangi ya karanga iliyokaangwa, bado inapinda kidogo ukiinyanyua. Anayeona kwa mara ya kwanza hudhani haijaiva. Lakini ugumu wake unakuja inapopoa, mafuta yaliyobaki yakitulia na mnofu ukikakamaa, na ndani ya dakika mbili juu ya wavu ileile iliyopinda inavunjika. Kuingoja ikauke ndani ya oveni ni kuiunguza. Weusi huo una uchungu, tena kuunguza nyama yenye nitriti kwa moto mkali huongeza kemikali zisizofaa mwilini. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziorodhesha nyama za kusindikwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Yeye huweka vipande viwili au vitatu kwa sahani, haongezi, na vipande viwili vilivyopikwa hivyo vinatosha.

Wengine huinunua ikiwa tayari: katika maduka makubwa ya Nairobi bekoni ni bidhaa ya kawaida ya pakiti. Kenya ilikuwa na kiwanda chake cha bekoni huko Uplands tangu enzi za ukoloni, na kampuni ya Farmer's Choice ilianzishwa mwaka 1980. Sina ugomvi na pakiti. Nyingi hupigwa sindano ya maji ya chumvi ili kazi ya wiki iishe upesi, na maji hayo ndiyo unayoyaona yakitoka meupe kwenye kikaango. Hata hizo zikianikwa usiku kwenye jokofu na kuokwa taratibu juu ya wavu, hutoka vizuri zaidi.

Yanabaki mafuta chini ya trei, safi kwa sababu hayajaungua. Huyachuja kwa kitambaa na kuyatia kwenye chupa ya kioo yenye utepe mwekundu, nayo inarudi katika kabati lile lile. Siku inayofuata huchukua viazi mviringo vya Lushoto, huvichemsha nusu, huvipasua, na kuvipitisha kwenye oveni na kijiko cha mafuta hayo, moto juu, moto chini, mpaka vipate ganda. Kwenye sahani huvipa jemu kidogo ya plamsi, uchachu wake ukikata mafuta. Mgeni akisifu bekoni, mzee hushukuru kwa kichwa. Akisifu viazi, huvuta kiti na kuanza kueleza.