Yath

Katika Kijaluo neno ni moja tu, yath, kwa mti na kwa dawa. Nami kila nipitapo soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili, palipotandazwa magunia na juu yake magome, mizizi na majani makavu yaliyofungwa matita kwa matita, hulistahi neno hilo upya.

Jumapili moja niliokota kipande cha gome la mti uitwao ober nikauliza bei. Ajuza aliyekuwa akiuza hakunijibu. Alikitwaa mkononi mwangu, akakimega ukingoni kwa ukucha, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi, kisha akakitupa nyuma yake. “Nyakwara,” akaniambia, yaani mjukuu wangu, “hili si la ober. Limefanana tu.” Mimi nisingalijua, naye angalipata fedha yake.

Kuutambua mti kwa yakini ndiyo sanaa aliyoitumikia Profesa John Ongayo Kokwaro, mwanachuoni wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye mwaka 1972 alitoa kamusi ya mimea ya Kijaluo na Kiingereza, na mwaka 1976 kitabu chake mashuhuri cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambamo kando ya majina ya Kilatini ameyapanga majina ya makabila, sehemu itumikayo na namna ya kuitengeneza, kama ni mzizi wa kuchemshwa ama jani la kupondwa. Asiyepata kuijaribu kazi hiyo huidhani nyepesi. Waama mti mmoja huitwa hivi kwa Wajaluo na vile kwa jirani zao Waluhya, na aghalabu jina moja hubeba miti miwili, ilhali mgonjwa ana mwili mmoja tu wa kujaribiwa.

Hata mabingwa wa maabara hawana budi kupita mlango huu. Tu Youyou wa China, aliyezindukana kwa kitabu cha kale cha Ge Hong kilichoagiza mmea wa qinghao uloweshwe na kukamuliwa pasipo kutaja moto, hata mwaka 1971 akautoa utomvu wake kwa etha ichemkayo kwa joto dogo, ilimbidi pia abainishe ni pakanga ipi hasa, miongoni mwa zile zilizoshiriki jina hilo, yenye nguvu juu ya malaria. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Lakini dawa itokanayo na pakanga hiyo ilikuwa imekwisha fika kwetu zamani, na kutoka mashamba ya mpunga ya Ahero hadi Mbita akina mama wengi wamewahi kuwapa wana wao vidonge vyake.

Ajuza yule alifungua tita jingine, akalipekua gome kwa gome, akanichagulia matatu. Nikanyoosha mkono wenye fedha. Hakuipokea, kwanza aliniuliza mgonjwa ni nani, na ana umri gani, ndipo akarudisha moja katika tita.