Kitufe cha Mraba

Mwanamke aliyevaa mavazi meupe amelala chali katikati ya uwanda wa maua meupe. Aliyesimama juu yake ni mwanafunzi wake, bunduki mkononi, mtutu umeelekea chini. Mpaka hapo mambo yamekwenda kama filamu, na mchezaji ameshalaza padi mapajani akijua kazi yake imekwisha. Kamera imerudi nyuma na kutulia. Sekunde kumi zinapita, ishirini, na hakuna linalotokea. Ndipo linapomjia: gemu inamngoja yeye. Kitufe cha mraba, kile kile alichofyatulia risasi tangu asubuhi, ndicho kitakachomuua mwalimu.

Gemu yenyewe ni Metal Gear Solid 3: Snake Eater, iliyotoka Novemba 2004 kwa PlayStation 2, kazi ya kampuni ya Konami chini ya uongozi wa Hideo Kojima. Mwalimu anaitwa The Boss. Wapenzi wa gemu wakianza kutaja walimu wasiosahaulika, jina lake halichelewi kutajwa, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba hadithi yake inaliza. Ni kweli inaliza. Lakini vitabu na filamu vimejaa walimu waliokufa vifo vya kuliza, na wengi wao wameshasahauliwa. Kilichofanyika hapa ni ufundi wa aina nyingine: waundaji walihakikisha kwamba aliyefundishwa na mwanamke huyu si shujaa wa hadithi peke yake, bali na mtu aliyekaa kwenye kochi.

Walimu wengi wa kwenye gemu ni karatasi ya maelekezo iliyovalishwa kanzu. Hutokea nusu saa ya kwanza, humwonyesha mchezaji kitufe cha kurukia, kisha huuawa au hupotea. Mzee wa pangoni katika The Legend of Zelda ya mwaka 1986 angalau hakujifanya zaidi ya hapo. Alitoa upanga, akanyamaza. Mrithi wake katika Ocarina of Time ya mwaka 1998 ni bundi aitwaye Kaepora Gaebora, na kwa msomaji aliyekulia mahali ambapo bundi akitua juu ya paa watu huanza kusoma dua, chaguo hilo lilikuwa na dalili mbaya tangu mwanzo. Bundi huyu huhutubia. Akimaliza humuuliza mchezaji kama angependa arudie, na kishale huwa kimeshakaa kwenye jibu la kumrudisha nyuma. Mchezaji mwenye haraka, aliyekuwa akibonyeza mfululizo ili amalize kelele, hujikuta anaisikiliza hotuba yote upya. Sikio limechoka na mkono haujajua kitu.

Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko waundaji wengi wa gemu. Mwali hasomewi maelezo, mwali huchezwa. Kungwi huimba, huonyesha, humwingiza mwali katika tendo lenyewe, na maana hufuata baadaye. The Boss naye hufundisha kwa njia hiyo.

Hadithi inaanza Agosti 1964, Vita Baridi imepamba moto. Komandoo wa Kimarekani, Naked Snake, anashushwa kwa parachuti katika msitu wa Kisovieti kumtoa mwanasayansi aitwaye Sokolov. Redioni anao watu watatu: Meja Zero anayeongoza operesheni, daktari Para-Medic, na The Boss, mlezi wake wa kijeshi, ambaye hawajaonana kwa miaka mitano. Snake anaitaja hiyo miaka pamoja na siku na saa zake, kama mtu aliyekuwa akihesabu usiku kucha. Ni yeye The Boss anayemkumbusha mbinu za kupigana ana kwa ana, CQC, ambazo katika hadithi hii wawili hao walizibuni pamoja.

Hapo inafaa kusogea karibu na kutazama kidole gumba. Vitufe vya padi ya PlayStation 2 vilihisi uzito: gemu ilijua kama umegusa au umekandamiza. Snake akimnyemelea mlinzi kwa nyuma, mchezaji hubonyeza duara na kumkaba. Akishikilia kwa upole, mlinzi hubaki kabalini, anaweza kuhojiwa na kutoa siri. Akikaza kidole, kisu hupita shingoni. Hakuna onyo. Wachezaji wapya waliokusudia kuuliza swali moja tu wamewachinja walinzi wengi kwa bahati mbaya, wakabaki wanaiangalia mikono yao. Kwa kuudhi huko huko, gemu inakitia kidole ujuzi ambao maneno yasingeweza: kati ya kumshika mtu na kumuua kuna gramu chache tu za nguvu.

Halafu linakuja daraja. Snake ameshampata Sokolov, wanavuka daraja la kamba, na ng'ambo amesimama The Boss akiwa na makombora mawili madogo ya nyuklia aina ya Davy Crockett, zawadi kwa Kanali Volgin wa Kisovieti. Amehama upande. Snake anamvamia kwa mbinu alizomfundisha. Anavunjwa mkono na kutupwa mtoni.

Gemu nyingine ingeishia kwenye machozi. Hii inafungua menyu. Snake yuko ukingoni mwa mto, mwili wake umeonyeshwa kwenye skrini kama picha ya eksirei, na mchezaji ndiye anayepaswa kumfunga banzi, kusafisha vidonda, kuzungusha bendeji, huku Para-Medic akielekeza redioni. Mfumo wa tiba utakaotumika gemu nzima unafundishwa pale, juu ya majeraha yaliyotiwa na mwalimu mwenyewe. Uchumi wa namna hii unastahili kusifiwa: usaliti umegeuzwa kuwa somo la pili, na mchezaji kila atakapounga mfupa hapo mbele ataukumbuka uliovunjika wa kwanza.

Wiki moja baadaye Snake anarudishwa msituni, safari hii na amri ya kumuua The Boss. Wakikutana tu, mwanamke huyo anaifungua bastola ya mwanafunzi vipande vipande ikiwa bado mkononi mwake, kisha anamwangusha. Matukio haya hutokea katika sehemu za filamu, ambapo mchezaji hana la kufanya isipokuwa kushika kitufe cha R1, pale gemu inaporuhusu, na kuona kupitia macho ya Snake. Kojima amelaumiwa sana kwa filamu zake ndefu na lawama hiyo ina haki yake. Kuna mahali katika gemu zake ambapo mtu anaweza kupika ugali na kurudi bila kukosa kitu. Ila hapa kutokuwa na uwezo ndiko kunakojengwa. Kila mkutano mwanafunzi anajaribu kile kile, kila mkutano anashindwa, na mchezaji amefungwa mikono akitazama.

Mwishoni mikono inafunguliwa. Pambano la mwisho lina dakika kumi tu kabla ya ndege za MiG kuja kuliteketeza eneo lote. Mchezaji ameshinda gemu nzima akibadilisha kombati za mabakamabaka, za nyasi, za gome la mti, za tope, huku namba kwenye kona ya skrini ikimwambia amejificha kwa asilimia ngapi. Sasa aliye mbele yake amevaa nyeupe ndani ya maua meupe. Ni somo lile lile, na anayelifanya ni aliyelitunga. The Boss anakuja mbio, anakaba, anabwaga. Lakini mchezaji akiwahi kubonyeza duara wakati sahihi kabisa, anajinasua. Kwa mara ya kwanza mbinu inafanya kazi dhidi ya mwenyewe, na inafanya kazi kwa sababu kidole kimejifunza. Wimbo ulioimbwa na Cynthia Harrell, uliofungua gemu kwa madoido ya filamu za James Bond, unarudi pambano likiwa linaendelea. Vijana wa mabanda ya gemu wana neno lao kwa adui wa mwisho: bosi. Jina la mwanamke huyu lilikuwa limeshatangaza mwisho wa safari tangu redio ya kwanza, na hakuna aliyelisikia.

Ndipo tunaporudi kwenye maua na kitufe cha mraba. Waundaji wengi wangeweka chaguo: muue au mwache. Hawakuweka. Asiyebonyeza hapati mwisho mwingine wa siri, hapati chochote. Mtu anaweza kulalamika kwamba huo ni ulazimishaji, na ni kweli, ila ndio ulazimishaji anaoishi nao askari. Mchezaji anatii. Risasi inalia, na maua meupe yanageuka mekundu.

Ukweli wenyewe unafuata baada ya hapo, na mpangilio huu ndio uamuzi wa kifundi uliobeba kazi yote. Kanda ya sauti iliyoachwa na jasusi EVA inaeleza kwamba The Boss hakuwahi kusaliti. Kuhama kwake kulikuwa kazi aliyotumwa na serikali ya Marekani. Volgin alipolipua kombora moja la nyuklia aliloletewa, Washington ikahitaji kuthibitisha kwamba haikuhusika, na uthibitisho ukawa maiti ya The Boss, mikononi mwa mwanafunzi wake. Yeye alijua, akakubali. Kanda ingesikika kabla ya maua, mchezaji angebonyeza mraba huku akijihurumia, kama mwigizaji anayejua tamthilia inakwenda wapi. Kwa kuwa imesikika baadaye, amebonyeza bila kujua, na hawezi kubonyeza kinyume. Snake anapewa cheo cha Big Boss, anakwenda makaburini kwenye kaburi lisilo na jina, anapiga saluti. Mchezaji naye ana saa ishirini za ujuzi kwenye vidole, zote za mtu yule.

Chombo hiki, cha kufundisha kwa tendo, hakihitaji machozi ili kifanye kazi. Mwaka 2007 kampuni ya Valve ilikitumia kwa kuchekesha katika Portal. Mwalimu pale ni GLaDOS, mashine yenye sauti ya Ellen McLain, anayempitisha mchezaji chumba baada ya chumba kwa upole unaozidi kunuka. Katika chumba cha 17 anampa sanduku lenye picha ya moyo, kisha anamlazimisha kulitupa katika tanuri. Wachezaji walilia, wakacheka, wakaendelea. Mwisho wa gemu, vipande vinavyodondoka kutoka mwilini mwa GLaDOS vinaharibiwa kwa kutupwa katika tanuri, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Tofauti ni kwamba GLaDOS alifundisha kifo chake bila kujua. The Boss alikifundisha makusudi, ndiyo maana yeye hachekeshi.

Agosti 2025 Konami iliitoa gemu hii upya kwa jina Metal Gear Solid Delta: Snake Eater, bila Kojima aliyeondoka miaka kumi kabla, lakini kwa sauti zile zile za 2004. Msitu umekolea, uso wa The Boss una mikunjo ambayo PlayStation 2 isingeweza kuichora. Jambo moja tu halikuweza kurudi. Tangu PlayStation 4 ya mwaka 2013, vitufe vya mraba na duara havipimi tena uzito wa kidole. Vinajua kubonyezwa na kutobonyezwa, basi. Shingo ya mlinzi haikatwi tena kwa bahati mbaya.