Nani Aliyesikia? Jinamizi na Kuweweseka katika Tamthilia

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo, kwa maoni yetu, uhakiki wa tamthilia umelipita kwa haraka mno: hali ya mhusika aliyelala ilhali akili yake haikulala. Hapana mwalimu wa fasihi asiyelijua jibu analolitoa mwanafunzi anapokumbana na ndoto katika kitabu. Ndoto, atasema, ni mbinu. Mtunzi ameitumia kudokeza yatakayotokea au kufichua yaliyositirika moyoni mwa mhusika. Akishasema hayo huipanga ndoto hiyo katika orodha moja na barua, nyimbo na kisengere nyuma, akaendelea na swali linalofuata. Jibu hilo si la uongo. Lakini linaichukulia ndoto kuwa barua iliyofungwa ndani ya bahasha, na mhakiki kuwa ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuifungua. Haliulizi bahasha hiyo ilipitia mikononi mwa nani. Sisi tutadai kwamba jukwaani swali la kwanza ni nani aliyesikia; swali la maana ya ndoto huja baadaye, na mara nyingine haliji kabisa.

Kiswahili chenyewe kinatupa pa kuanzia. Tunayo ndoto, tunayo njozi, na kwa waliolelewa katika elimu ya dini ipo ruya, yaani ndoto ya heri yenye ujumbe. Zote hizi husimuliwa. Kando yake yako maneno mawili yasiyofaa kuchanganywa. La kwanza ni jinamizi. Kwa umbo lake neno hili laelekea kuhusiana na kitenzi inama: ni kile kinachomwinamia mtu, kikamlalia kifuani asiweze kujitikisa wala kupiga kelele. Mwenye jinamizi anajua kuwa analo. Pengine anakiona chumba chake na kusikia sauti za nje, lakini mwili haumtii. La pili ni kuweweseka. Anayeweweseka husema, hulia, huketi kitandani na macho yamemtoka. Naye hana habari. Sarufi haituzuii kusema 'niliweweseka jana', lakini hakuna awezaye kuyasema hayo kwa ujuzi wake mwenyewe. Lazima awe ameambiwa. Kitenzi hiki kinahitaji shahidi.

Sayansi ya usingizi imekuja kuuthibitisha mpaka huo kwa njia yake. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha taarifa kwamba usingizi una vipindi ambapo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba watu waliozinduliwa katika vipindi hivyo mara nyingi walieleza kuwa walikuwa wakiota. Vipindi hivyo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia, na ndani yake misuli ya mwili hulegea isifanye kazi. Akili ikitangulia kuamka kabla mwili haujafunguliwa, mtu huhisi ule uzito ambao wazee waliuita jinamizi. Vitisho vya usiku, pamoja na kutembea usingizini, kwa kawaida hutoka kwingine: katika usingizi mzito wa theluthi ya kwanza ya usiku. Mtoto huinuka akapiga ukelele, mama akamshika, naye asimtambue mama. Asubuhi huamka akacheza na wenzake. Aliyekesha kwa hofu ni mama. Kwa hiyo jinamizi ni mali ya aliyelala, ilhali kuweweseka ni mali ya aliyekuwa macho. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuipeleka jukwaani.

Tuanze na Macbeth, tamthilia iliyotungwa takriban mwaka 1606 na ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo tangu 1968 katika tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth. Imezoeleka kusemwa kuwa mume na mke katika mchezo huu wanaadhibiwa kwa adhabu moja, kukosa usingizi. Kauli hiyo haitoshi. Macbeth ni mtu wa jinamizi. Ndoto mbaya zinazomtikisa kila usiku ni zake, anazijua, na anazungumza juu yake na mkewe. Hufika hata kumwonea wivu Duncan aliyemwua, kwa kuwa Duncan sasa amelala na hakuna kitakachomgusa. Kwa kuwa anazijua anaweza kuzitengenezea maneno, na maneno yake ni mashairi, tena mazuri ya kuogofya. Mtu anayelisimulia jinamizi lake amekwisha kulipunguza uzito, japo kidogo.

Mkewe hana nafasi hiyo. Tangu mwanzo hadi anapotoweka jukwaani katika tendo la tatu, hasimulii ndoto hata moja inayomtesa. Ni yeye aliyesema, usiku wa mauaji, kwamba maji machache yatatosha kuwasafisha. Tunapomwona tena mwanzoni mwa tendo la tano analala huku anatembea, anajifuta mikono ambayo haitakati, na taa iko karibu naye kwa sababu ameamuru isiondoke. Kuna badiliko la fani hapa ambalo wanafunzi wetu hawalioni, na si kosa lao, maana tafsiri yoyote inaweza kulizika: mwanamke huyu, ambaye akiwa macho alisema kwa mashairi, akilala husema kwa nathari. Sentensi zake hukatika. Hurukia usiku wa Duncan, kisha mke wa Macduff, kisha Banquo kaburini, kisha lango linalobishwa, bila mpangilio wa wakati. Mapokeo yetu ya vina na mizani yangeweza kulionyesha anguko hilo kwa nguvu kuliko hata Kiingereza, kwa kuwa sikio la Mswahili husikia mara moja kina kinapovunjika. Mfasiri anayeutumia mtiririko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho hulipoteza anguko hilo lote.

Lakini jambo kubwa zaidi katika onyesho hilo si maneno ya malkia. Ni watu wawili waliosimama pembeni. Tabibu amekesha usiku mara mbili bila kuona kitu na anaanza kushuku habari aliyopewa. Mwandani wa malkia amekwisha kuyasikia maneno hayo kabla, na tabibu anapomwomba ayarudie, anakataa. Sababu yake si haya wala mapenzi kwa bibi yake. Anakataa kwa kuwa hana shahidi wa kuthibitisha kauli yake. Huyu mwanamke asiyepewa hata jina ameelewa jambo ambalo wahakiki wengi hawajalielewa: maneno ya anayeweweseka hayana mwenyewe. Aliyeyasema atayakana kwa haki kabisa, kwa kuwa hakuwapo. Atakayeyarudia ndiye atakayeulizwa, na katika nchi inayotawaliwa na mwuaji kuulizwa ni kufa. Tabibu, msomi, anatoa kalamu aandike. Baada ya dakika chache amesikia ya kutosha, na anaondoka akisema kuwa anawaza ila hathubutu kusema. Mbele ya macho yetu utaalamu umejifunza kunyamaza kutoka kwa mtumishi.

Wapo watakaosema kuwa swali letu ni la elimujamii na si la fasihi. Hatukubali. Tukiondoa mashahidi wawili hao, onyesho hilo linakuwa uzungumzi nafsia, na hadhira inayasikia maungamo kama inavyosikia maungamo ya mhusika yeyote aliyebaki peke yake. Wakiwapo, hadhira inasikia kwa masikio yao, na hofu yao inatuingia. Hilo ni suala la fani. Katika riwaya hali ni tofauti, kwani msimulizi mjuzi wa yote huingia kichwani mwa aliyelala na shahidi hahitajiki. Ndiyo sababu tumejifunga kwenye tamthilia.

Mfano unaotusumbua ni wa Calpurnia katika Julius Caesar, mchezo ambao Julius Nyerere aliutafsiri na kuuchapisha mwaka 1963. Calpurnia amelia mara tatu usingizini kwamba Caesar anauawa. Hapo anaweweseka, na shahidi ni Caesar mwenyewe aliyelala naye. Wakati huohuo Calpurnia anaikumbuka ndoto yake, kwa hiyo ana jinamizi pia. Mpaka tulioupiga unatobolewa. Hata hivyo, tazama kinachotokea. Ukelele ule, alipousikia Caesar, ulimtosha: alituma makuhani watazame kafara, na baada ya maombi ya mkewe akakubali kubaki nyumbani. Ndoto ilipogeuzwa kuwa hadithi ya sanamu inayobubujika damu huku Warumi wakinawa mikono humo, Decius aliipokea na kuigeuza: damu ile, alisema, ni uhai ambao Roma itaunyonya kwa Caesar. Ukelele hauna fasiri ya pili. Ndoto iliyosimuliwa vizuri ina fasiri nyingi kama wafasiri wake. Caesar alikufa kwa uhakiki wa ndoto, na tungependa wale wanaowahimiza wanafunzi 'watafute ishara' walifikirie jambo hilo.

Hadhari ya kusimulia si ngeni katika upwa wetu. Mafundisho yaliyopokewa katika Hadithi yanamwagiza aliyeota ndoto mbaya ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, aombe hifadhi ya Mungu, wala asimsimulie mtu. Sasa linganisha na yaliyotokea mapema mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipozuka Pemba, ikaenea Unguja na kuvuka hadi Dar es Salaam. Waliosimulia walieleza mambo ambayo msomaji atayatambua: uzito kifuani, mwili usiotii, sauti isiyotoka. Watu walilala nje kwa makundi. Lakini masimulizi hayo yalikuwa na kipengele kimoja kinachopindua agizo tulilolitaja: Popobawa, ilisemekana, alimwamuru aliyemtesa awaambie wengine, la sivyo angerudi. Jinamizi lililokuwa mali ya mtu mmoja likapewa miguu. Mjini Unguja umati ulimwua mtu mgonjwa wa akili aliyedhaniwa kuwa ndiye kiumbe huyo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ana la kujifunza hapo kuhusu utanzu ambao ndani yake kusimulia ni sharti la usalama wa msimulizi.

Tukiwa na hayo akilini, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inasomeka upya. Kinjeketile Ngwale wa historia alikuwa mganga wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa vimeanza tu. Katika tamthilia anavutwa na Hongo ndani ya maji, na anapotoka anasema mbele ya umati: watu waungane, maji yatawakinga, nao watakuwa wana wa Seyyid Said. Hali aliyo nayo si usingizi, ni kupagawa. Lakini kwa upande wa ushahidi ni kuweweseka kitupu. Msemaji hakuwapo. Waliokuwapo ni watu, na watu hao, tofauti na tabibu wa Dunsinane, hawakunyamaza. Walilibeba neno wakaligeuza jeshi.

Uhakiki umezungumza sana juu ya Kinjeketile kama kiongozi mwenye shaka. Shaka hiyo kwa kawaida huelezwa kama udhaifu wa imani au kama ukomavu wa kisiasa. Sisi tunaiona kwanza kuwa ni shaka ya mtu anayesimuliwa alichokisema. Akiwa na akili zake timamu analazimika kulipokea neno lake kutoka vinywani mwa wengine, na analiona lina sumu ndani: kumtoa Mjerumani ili kuwa chini ya sultani ni kubadilisha bwana. Anaweza kusita, anaweza kuchelewesha vita, anaweza kumfunulia Kitunda siri ya wasiwasi wake. Asichoweza ni kusema 'sikusema', kwa kuwa mashahidi ni maelfu na yeye peke yake ndiye asiye shahidi. Wazo la Hussein kwamba neno huzaliwa na mtu kisha likakua likamshinda mzazi wake hunukuliwa sana kama falsafa. Kwetu ni maelezo sahihi ya jambo linalompata kila anayeweweseka mbele za watu.

Ndiyo maana kukataa kwake mwishoni kuna uzito. Wanaomshika wanamtaka akiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, ingawa ameona watu wakianguka kwa risasi. Tungelisoma tendo hilo kwa jicho la ndoto kama mbinu, tungesema tu kuwa utabiri haukutimia. Tukiuliza nani aliyesikia, tunaona kuwa neno si lake tena la kulifuta. Ni la waliosikia, na la watoto wao watakaosimuliwa. Ni uamuzi wa kutisha, na Hussein hatuambii kama ni wa haki. Sisi tunaelekea kuamini kuwa si wa haki kwa waliokwisha kufa.

Waliosikia Dunsinane walichagua njia nyingine. Tabibu anamwagiza mwandani amwondolee malkia kila kitu kinachoweza kumdhuru na asimwondolee macho. Tunapomwona tena anaulizwa na Macbeth habari za mgonjwa, anajibu kwa maneno ya uangalifu sana, kisha anajisemea pembeni kwamba angekuwa mbali na ngome hiyo hakuna faida ambayo ingemrudisha. Mwandani hatumwoni tena. Baada ya maonyesho mawili kunasikika ndani kilio cha wanawake, na Macbeth, ambaye zamani angeshtuka kwa ukelele wa usiku, anauliza ni sauti gani hiyo.