Mhadhara na Hadhira Yake

Neno mhadhara lilitujia kutoka Kiarabu pamoja na jamaa zake: hadhara, hadhira, mhadhiri na kuhudhuria. Yote ni ya mzizi mmoja, na maana iliyomo ndani yake ni kuwapo mbele ya watu. Basi mwenye kutoa mhadhara hapimwi kwa elimu yake peke yake. Hupimwa pia kwa watu waliokuwapo na kwa kile walichoondoka nacho. Twahakiki shairi kwa vina na mizani yake, twahakiki tamthilia kwa wahusika na migogoro yake. Sioni sababu ya kuuacha mhadhara wa chuo kikuu upite bila kuhakikiwa, nao ni fani ya maneno kama hizo nyingine.

Nachukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2008 kilianzishwa hapo Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za umajumui wa Afrika, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Mwaka 2009 mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria alialikwa kutoa mihadhara ya kwanza ya tamasha la Mwalimu, naye akasema juu ya ubeberu mpya. Jina la kigoda lilichaguliwa vema, kwani kigoda ni kiti kifupi, na akikaliaye hawi mbali na ardhi wala na wenziwe. Lakini mihadhara ile ilitolewa kwa Kiingereza. Mgeni hana lawama, maana kila mtu husema kwa ulimi alio nao. Swali latuhusu sisi wenyeji, ambao desturi yetu katika vyuo vingi ni kuwaalika watu wote kwa tangazo, kisha kuwafungia mlango kwa lugha.

Wako wasemao kuwa mambo ya dunia hayasemeki kwa Kiswahili. Historia yawakanusha. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa hoja juu ya uchumi wa dunia, na wananchi walilisoma na kulijadili kwa Kiswahili. Neno bepari, ambalo asili yake ni jina la mfanyabiashara katika lugha za Bara Hindi, lilibeba maana nzito hata Mwalimu akalitumia katika jina la tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Neno beberu lilitoka zizini kwa mbuzi dume likaenda kuwataja watawala wa mabara. Maneno haya hayakuenea kwa sababu yaliundwa kwa ustadi. Yalienea kwa sababu yalisemwa hadharani, redioni na mikutanoni, yakajibiwa. Na Julai 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa lugha hii hii.

Tulinganishe na neno la siku zetu, tabianchi. Limeundwa vizuri, na mwenye kulisikia aweza kukisia maana yake. Hata hivyo mkulima hasemi tabianchi. Husema vuli imekosekana, au masika yamekuja yote kwa wiki moja. Msomi ana vipimo vya joto la dunia, mkulima ana kumbukumbu ya misimu ya shamba lake. Mhadhara ndio mahali pa kuyakutanisha hayo mawili. Ukisomwa kwa lugha ambayo mmoja wao haijui, kila mmoja hurudi kwake na nusu ya habari, na msomi ndiye asiyejua kuwa amepungukiwa.

Hapa nakuja kwenye kasoro ya pili, ambayo ni ya umbo. Mhadhara wetu wa kawaida huanza kwa utambulisho mrefu, hufuata karatasi isomwayo kwa saa nzima, na maswali huachiwa dakika chache za mwisho, huku mwenyekiti akisihi yawe mafupi. Jadi yetu yajua namna nyingine. Barazani mzungumzaji hukatizwa kwa adabu, na katika malumbano ya washairi jibu lina heshima sawa na swali. Mhadhara usiojibiwa ni waraka uliosomwa kwa sauti.

Sisemi Kiingereza kifukuzwe, kwani wenzetu wa ng'ambo nao wana haki ya kutusikia, nasi kuwasikia. Nasema awepo mkalimani, nao muhtasari wa Kiswahili utolewe kabla ya siku yenyewe. Nusu ya muda iwe ya maswali, na maswali ya kwanza yatoke kwa wasio wa chuo. Tena baadhi ya mihadhara hii ishuke Mlimani iende Ubungo na Changanyikeni, kwa majirani wa chuo wanaolipa kodi ya kukiendesha.

Madeni ya mataifa, vita na ukame huwafikia watu hao kabla hayajafika katika maktaba zetu. Wao ndio watakaoulizwa wachague viongozi na wavumilie bei. Tukiwanyima hoja, wengine watawapa uvumi. Kwa hiyo mhadhara ukiisha tusihesabu viti vilivyojaa; tumwulize mmoja wa waliohudhuria, asiye mwanafunzi wala mwalimu, alisikia nini na alijibu nini. Jibu lake ndilo tahakiki ya kwanza.